Utatuzi wa Matatizo ya Mwanga katika Tangi la Matumbawe la Nyumbani

Mfugaji wa matumbawe akiona rangi zinabadilika tangini, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba taa haifai, na la pili ni kununua nyingine. Mara nyingi mawazo yote mawili hutangulia ushahidi. Tumbawe lisilopata mwanga wa kutosha na tumbawe linalounguzwa na mwanga huweza kuonekana karibu sawa kwa mtu anayelitazama kwa mbali, na tumbawe linaloumizwa na maji mabaya huweza kufanana na yote mawili. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, na suala la kuchagua taa mpya linakuja mwishoni, baada ya mengine kuchunguzwa.

Kuna jambo moja la kibiolojia ambalo karibu dalili zote zinatokana nalo. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi yanayofugwa huishi mwani wa chembe moja uitwao zuzanteli, ambao hutengeneza sukari kwa usanisinuru na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Mwani huo ni wa kahawia. Mwanga ukipungua, mwani na klorofili yake huongezeka ili kukamata kila kidogo kinachofika. Mwanga ukizidi, usanisinuru huzalisha oksijeni yenye kudhuru ndani ya nyama, na tumbawe huutoa mwani huo nje, kama mwenye nyumba anayewafukuza wapangaji waliowasha moto sebuleni. Kwa hiyo kahawia na weupe ni ncha mbili za habari moja, yaani wingi au uchache wa wapangaji hao, na kazi yetu ni kujua kwa nini wameongezeka au wameondoka.

Pima kabla ya kugusa taa

Jicho la binadamu ni shahidi asiyeaminika katika jambo hili. Huona vizuri zaidi kijani chenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 555, ilhali taa za matumbawe hukusanya nguvu zake katika bluu na zambarau, kati ya nanomita 400 na 480 hivi. Kipimo cha luksi, pamoja na programu za simu zinazokiiga, kimetengenezwa kufuata jicho hilohilo, na hivyo huidharau bluu na kuipamba nyeupe. Kinachohitajika ni kipimo cha PAR, yaani cha nuru ya nanomita 400 hadi 700 inayotumika katika usanisinuru, ambacho hutoa jibu kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Ni kifaa cha kuazima zaidi kuliko cha kununua, kwa kuwa mtu mwenye tangi moja hukihitaji mara chache kwa mwaka. Uhakikishe tu kwamba kinafaa kuzamishwa na kwamba kinasoma bluu kwa usahihi, maana baadhi ya vile vya zamani hupunguza thamani ya rangi hiyo.

Funga kihisio kwenye kijiti, kielekeze juu, kisha kiweke pale pale tumbawe lilipo, wala si katikati ya maji. Mawimbi ya juu hukusanya na kutawanya nuru kama lenzi nyingi ndogo, kwa hiyo tarakimu zitarukaruka. Subiri sekunde kadhaa uchukue wastani. Chora mchoro wa harakaharaka wa tangi kwenye karatasi, na kila mahali uandike namba uliyoipata. Karatasi hiyo itakufaa kuliko maelezo yote ya kwenye boksi la taa.

Kama kadirio la kuanzia, matumbawe laini na yale ya umbo la uyoga huridhika na mikromoli 50 hadi 150, mengine hata chini ya hapo. Yenye nyama nono kama Euphyllia hupenda kati ya 80 na 150. Na Acropora, tumbawe gumu la matawi, pamoja na jamaa zake wa vipolipu vidogo (vijinyama vyenye mdomo na minyiri vinavyounda tumbawe) hustawi kati ya 200 na 350. Jua la mchana juu ya bahari ya tropiki hufika karibu 2,000, lakini hakuna sababu ya kushindana nalo, kwa kuwa tangi halina mawingu, wala mawimbi makubwa, wala kina cha mita nyingi cha kulipunguza.

Siku hiyohiyo pima maji pia. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto liwe nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, ualkali ukae mahali pamoja kati ya 7 na 10 kwa kipimo cha dKH (nyuzi za ugumu wa kaboneti), na nitrati na fosfati zisiwe nyingi mno lakini pia zisiwe sifuri. Lolote kati ya haya likiwa limeyumba, lirekebishe kwanza, kwa sababu hakuna mpangilio wa taa utakaolifidia.

Tumbawe limegeuka kahawia

Hii ndiyo dalili inayouza taa nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyo na dharura kubwa. Tumbawe la kahawia kwa kawaida si mgonjwa. Linakula, linakua, na mara nyingine linakua haraka kuliko jirani yake mwenye rangi ya kupendeza. Linalomsumbua ni mwenye tangi.

Tazama mtawanyiko wa dalili yenyewe. Kama matumbawe ya juu yamebaki na rangi zao na yale ya chini au ya pembeni ndiyo yaliyogeuka, mwanga hauyafikii, na karatasi yako itathibitisha: Acropora iliyokaa kwenye 90 haina namna nyingine. Ipandishe sentimita 10 hivi, subiri wiki mbili, ndipo uipandishe tena. Lakini kama yote yamekuwa kahawia, hata lile lililo moja kwa moja chini ya taa kwenye 300, basi tatizo ni mbolea, kwani nitrati na fosfati zikiwa nyingi mwani wa ndani huongezeka hata mwanga ukiwa mzuri. Kuongeza nguvu ya taa katika hali hiyo ni kumpa mwani huo karamu ya pili. Punguza lishe iliyozidi, badilisha sehemu ya maji, na uache taa ilivyo.

Lipo pia tumbawe lililofika wiki iliyopita likiwa na rangi ya kuvutia na sasa limefifia kuwa kahawia. Hilo linazoea makazi mapya. Liache.

Tumbawe linapauka

Hapa haraka inahitajika zaidi, na umakini pia, kwa sababu kuna weupe wa aina mbili zisizohusiana. Chukua tochi na kioo cha kukuzia, usogeze uso hadi kwenye kioo cha tangi baada ya taa kuzimwa. Ukiona minyiri midogo imechomoza, na juu ya kiunzi cheupe kuna ngozi nyembamba inayong'aa kama utando wa yai, tumbawe lipo hai ila limepoteza mwani wake. Ukiona badala yake vikombe vidogo vya chokaa vilivyo wazi, vyenye kingo kali zisizofunikwa na chochote, na mstari ulionyooka unaotenganisha sehemu yenye nyama na sehemu iliyo tupu, hapo nyama inakufa na kuvuliwa. Taa ni mara chache kuwa chanzo cha hili la pili, hasa linapoanzia kwenye shina na kupanda. Chunguza kuruka kwa ualkali, wadudu wanaojificha chini ya matawi, na jirani mwenye minyiri mirefu inayochoma.

Kama ni kupauka kwa kweli, swali linalofuata ni mahali. Tumbawe lililopauka upande wa juu tu, huku tumbo lake lililo kivulini likiwa na rangi kamili, limepata mwanga mwingi kuliko linavyomudu. Lililopauka sawasawa pande zote, polepole kwa wiki nyingi, katika tangi ambalo nitrati na fosfati hazisomeki, lina njaa. Lilishe, na uache mbolea hizo zipande kidogo. Lililopauka pamoja na mengine yote kwa mkupuo mmoja wakati maji yalipofika nyuzi 30 limeshindwa na joto, na mwanga umezidisha tu madhara yake. Ncha nyeupe za Acropora peke yake zisikutishe, kwa sababu ncha inayokua huwa nyeupe kwa asili. Ikiwa ncha hizo zimekauka na mwani wa kijani umeanza kushika juu yake, chunguza ualkali uliopanda katika maji yasiyo na lishe.

Kisha ujiulize ni nini kilichobadilika katika wiki tatu zilizopita, na usijibu haraka kwamba hakuna. Katika tangi langu mwenyewe Montipora, tumbawe gumu jamaa wa Acropora, iliyokuwa juu kabisa ya mwamba ilipauka ndani ya siku chache ilhali taa haikuwa imeguswa hata kidogo. Nilichokuwa nimefanya ni kubadilisha kaboni amilifu kwenye chujio baada ya kuisahau kwa miezi. Maji yaliyokaa muda mrefu hujaa vitu vya manjano vinavyotoka kwenye mwani na chakula kilichooza, na vitu hivyo humeza bluu kwanza. Kaboni mpya iliyaondoa kwa mkupuo, na tumbawe likajikuta chini ya nuru kali kuliko ile lililoizoea. Tangu siku hiyo hubadilisha kaboni kidogo kidogo, na kabla ya kufanya hivyo hujaza maji ya tangi katika ndoo nyeupe na kuyalinganisha na maji mapya ya chumvi yaliyo katika ndoo nyingine. Tofauti ambayo kioo cha tangi huificha huonekana mara moja. Kusafisha lenzi ya taa, kushusha taa kidogo ili kutoa nafasi ya kitu kingine, na kuondoa kifuniko cha kioo vina matokeo yaleyale.

Tiba ya mwanga uliozidi ni kupunguza nguvu yake kwa theluthi moja hivi, na si kufupisha saa pekee, kwa kuwa saa mbili za nuru inayounguza bado zinaunguza. Taa isiyo na kidhibiti inaweza kunyanyuliwa, au kutandikiwa chini yake tabaka mbili tatu za wavu wa dirishani unaoondolewa moja baada ya jingine kila wiki. Hakikisha tu kwamba wavu haugusi sehemu yenye moto. Sipendi ushauri wa kulishusha tumbawe lililopauka hadi mchangani kwa siku moja. Limeshaumia kwa mabadiliko ya ghafla, nasi tunalipa jingine. Kurudi kwa rangi huchukua wiki kadhaa, na pengine miezi.

Yanarefuka au yanajikunyata

Zoanthus (jamaa wa matumbawe wenye umbo la vitufe) zenye shingo ndefu zinazoelekea juu, na uyoga unaojiinua kutoka kwenye mwamba kama sahani inayotaka kuruka, huomba mwanga zaidi. Uyoga uliojikunja na Euphyllia isiyofunguka mchana ilhali usiku huchanua huenda vimezidiwa nao, ingawa mkondo mkali wa pampu huleta sura hiyohiyo. Kwa hiyo geuza pampu kwanza, maana ni rahisi. Tumbawe la ngozi linalofunga siku kadhaa, likang'aa kama limepakwa nta, linavua utando wake wa nje na halihitaji msaada.

Upande mmoja una rangi, mwingine umekufa

Taa ndogo ya LED iliyo katikati ya tangi ni kama balbu moja katika ukumbi: inayamulika yaliyo mbele yake na kuacha vivuli vyeusi nyuma ya kila tawi. Weka sahani nyeupe ya plastiki juu ya mchanga na uunyooshe mkono wako kati yake na taa. Kivuli chenye kingo kali, au chenye mistari ya rangi mbalimbali pembezoni, kinaonyesha kwamba nuru inatoka sehemu chache mno na rangi zake hazijachanganyika. Kuongeza nguvu hakusaidii, kwa sababu upande ulio kivulini unabaki kivulini na ule wa mbele unaungua. Inyanyue taa, au tumia mbili ndogo badala ya moja kubwa, au uongeze mirija ya T5 (taa nyembamba za florisenti) pembeni, ambayo hutoa nuru kwa urefu wake wote na kuingia chini ya matawi kutoka pembe nyingi. Wapo wafugaji wanaoendelea kutumia mirija hiyo kwa sababu hii moja tu, nami siwaoni kuwa wamechelewa.

Vivuli vingine hujitengeneza. Acropora inayostawi hutandaza matawi hadi ikalifunika shina lake, na sehemu za chini hufa bila kosa la mtu. Punguza matawi.

Mwani umeenea

Taa hulaumiwa sana hapa, na kwa kiasi kikubwa inaonewa. Vumbi la kahawia juu ya mchanga wa tangi jipya kwa kawaida ni dayatomu, mwani wa chembe moja unaotumia silikati, nazo huondoka zenyewe. Blanketi jekundu linaloteleza ni sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru. Makamasi ya kahawia yenye viputo vya hewa, yanayopungua usiku na kurudi taa zinapowaka, mara nyingi ni dinoflajelata, viumbe vya chembe moja ambavyo hupenda matangi yaliyosafishwa hadi nitrati na fosfati zikawa sifuri. Mwani wa nywele ni suala la mbolea. Sehemu ya taa ni ndogo: hesabu saa inazowaka kwa kweli, si zile ulizodhani umepanga. Saa 8 hadi 10 za nguvu kamili zinatosha, na usiku uwe na giza. Ukute pia kama jua la dirishani linagusa kioo kwa saa kadhaa, na kama mirija imezeeka, kwani hupoteza nguvu na rangi zake huhama kabla macho hayajatambua.

Rangi huonekana chini ya bluu tu

Hili si kosa la taa wala la tumbawe. Rangi nyingi za kung'aa zinatokana na protini zinazopokea bluu na kuirudisha kama kijani, chungwa au nyekundu. Ni jamaa wa ile protini ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa kiwavi wa bahari Aequorea victoria mwaka 1962, na ambayo mwaka 2008 ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Martin Chalfie na Roger Tsien. Chini ya nuru nyeupe kali mng'ao huo humezwa, kama mwanga wa mshumaa mchana. Ongeza nyeupe hadi unapopenda kutazama, na uangalie jumla ya mikromoli isipande bila wewe kujua. Namba ya kelvini iliyoandikwa kwenye taa, iwe 10,000 au 20,000, inaeleza sura ya nuru kwa jicho letu. Haisemi ni kiasi gani kinachofika kwenye tumbawe.

Taa yenyewe inadhoofika

Kabla ya kuihukumu, chomoa waya wake na ufute lenzi kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Ukungu wa chumvi hujijenga taratibu mno kiasi kwamba hakuna anayeuona ukiongezeka. Pima kabla na baada, nawe utashangaa. Baada ya usafi huo punguza nguvu kidogo, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa. Sikiliza feni: LED ikipata joto kupita kiasi hujipunguza yenyewe au huzima katikati ya mchana na kuwaka tena ikipoa. Rangi moja ikikosekana, angalia kila kijitaa kupitia miwani ya jua. Mirija ya T5 ibadilishwe baada ya miezi 9 hadi 12, na balbu za metali halidi (balbu kali zenye moto mwingi) baada ya mwaka hivi, si zote siku moja. Taa inayowaka usiku wa manane kwa kawaida imepoteza saa yake umeme ulipokatika. Waya wowote unaoingia kwenye soketi uwe na mteremko unaoshuka chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yaanguke sakafuni, na saketi nzima ilindwe na kikata umeme kinachohisi uvujaji.

Ukithibitisha kwamba taa haitoshi

Sasa karatasi yenye namba inakuwa orodha ya manunuzi. Unajua kina cha mwamba wako, unajua pembe zipi ziko gizani, na unajua matumbawe gani unataka kuweka wapi. Usichague kwa wati, kwa sababu wati hueleza umeme unaoliwa. Mitambo miwili ya wati sawa huweza kutofautiana sana kwa nuru inayofika chini. Dai chati ya PAR ya mtengenezaji, na uisome kwa maswali matatu: ilipimwa ndani ya maji au hewani, taa ilikuwa juu kiasi gani, na pembezoni inaonyesha nini. Namba kubwa ya katikati ni ya matangazo. Taa yenye 250 katikati na 150 pembeni ni bora kwa tangi la kawaida kuliko yenye 500 katikati na 60 pembeni. Metali halidi hutoa nuru nzuri yenye mawimbi ya kucheza mchangani, lakini hupasha maji na kuongeza uvukizi. T5 hutawanya vizuri lakini hudai mirija kila mwaka. LED hudhibitika kirahisi, na urahisi huo ndio unaowaponza wengi, kwani kila jioni kuna kitufe cha kubonyeza.

Siku ya kuifunga, usiiwashe kwa macho. Rudisha kihisio sehemu zilezile zilizo kwenye mchoro, na upandishe nguvu ya taa mpya mpaka tumbawe la juu kabisa lisome namba lililokuwa likiisoma chini ya taa ya zamani, hata kama kidhibiti kitaonyesha asilimia 30 tu. Kuanzia hapo ongeza asilimia 5 kila wiki, ukipima upya kila mwezi, na usimame pale tumbawe linalohitaji zaidi linapoacha kuwa kahawia.